Jirani Haondoki
Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kaagya

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyachora majina yetu,

Kamati iliniomba nizungumze juu ya utumishi wa serikali. Naomba radhi, nimebadili mada kwa sababu ya barua ya mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu. Aliniuliza: nchi kama Qatar na Kuwait, zenye fedha za kununua silaha zozote, kwa nini zinakaribisha majeshi ya kigeni yakae kwao?

Swali hilo limekwisha kuingia nyumbani mwetu. Mtoto wa dada yangu ni mlinzi wa ghala mjini Doha. Usiku wa tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid, ambako majeshi ya Marekani yalikuwa yamekaa kwa zaidi ya miaka 20. Dada yangu alikuwa hapa Kaagya, mimi nilikuwa Dodoma, na simu ya kijana haikupatikana. Tulikesha.

Hakuna aliyekufa usiku ule. Lakini tazameni jambo lenyewe. Qatar haikuwa vitani na Iran. Nchi hizo mbili huchota gesi katika hifadhi moja chini ya bahari. Ugomvi ulikuwa kati ya Iran na Marekani, ambayo siku moja kabla ilikuwa imepiga mitambo ya nyuklia ya Iran. Kombora likaja kwa mwenye nyumba kwa ajili ya mgeni wake. Kisha tarehe 9 Septemba mwaka huohuo Israel, ambaye ni rafiki mkubwa wa Marekani, ikaupiga mji wa Doha ikiwawinda viongozi wa Hamas, na askari mmoja wa Qatar akauawa. Basi kambi ile haikumzuia adui wa mlinzi, wala haikumzuia rafiki wa mlinzi.

Mtasema: si wawafukuze? Kumbukeni Kuwait. Mwaka 1987, vita vya Iran na Iraq vilipohatarisha meli zake za mafuta, Kuwait ilikodi meli za Urusi ya Kisovieti, na papo hapo ikaomba meli zake nyingine zipeperushe bendera ya Marekani. Wakubwa wawili wasiopatana wakawekwa kulinda mlango mmoja. Ulikuwa werevu kweli. Hata hivyo, tarehe 2 Agosti 1990 Iraq iliivamia ikaimeza, na bila majeshi ya kigeni isingekombolewa Februari 1991. Mwenye mali nyingi na boma dogo hawezi kulala bila mlinzi.

Vijana, msidhani haya ni mambo ya Waarabu. Yamepita hapahapa kwetu.

Katikati ya miaka ya 1850 Rumanyika wa Karagwe alikuwa akigombea kiti na nduguye, ambaye Speke aliliandika jina lake Rogero. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Tabora, aliitegemea njia ya Karagwe kwa biashara yake ya pembe. Akampelekea Kabaka Suna pembe za ndovu, Suna akaleta jeshi, Rogero akashindwa. Speke na Grant walipofika mwaka 1861 walimsifu sana Rumanyika kwa upole na ukarimu wake. Upole alikuwa nao, sikatai. Ila amani waliyoikuta ilikuwa imelipiwa. Tangu hapo Buganda ikawa na sauti katika mambo ya Karagwe, na wafanyabiashara wakawa na kituo chao Kafuro, jirani na makao ya Mukama. Rumanyika aliwamudu wote kwa akili yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1878 akili ile ilikwenda naye kaburini, ugomvi wa kurithi ukaanza, na Karagwe haikurudia tena hadhi yake.

Huku kwetu kando ya ziwa mfano ni Kahigi wa Kianja. Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Kahigi alikuwa na washindani kila upande, na kaskazini kulikuwa na Buganda. Akawakumbatia Wajerumani mapema kuliko wengi, nao wakampanulia eneo kwa kuwamegea majirani zake. Wako wazee wanaomwita msaliti. Mimi simwiti hivyo; ukiwa Kahigi, ungefanyaje? Kosa lake naliona kwingine. Alifanya kana kwamba majirani aliowanyang'anya hawatakuwapo siku Mjerumani atakapoondoka. Juni 1915 Waingereza walivamia mji wa Bukoba, wakabomoa mtambo wa simu ya upepo, wakaenda zao. Mwaka 1916 wakarudi kukaa. Mwaka huohuo Kahigi akafariki. Waliomegewa ardhi walikuwa bado wako palepale, ng'ambo ya migomba.

Hata Amin alikuwa na rafiki wa mbali. Majeshi yake yalipoteka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera mwaka 1978, na yetu yakamrudisha nyuma, Gaddafi alimpelekea askari. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Walibya waliosalia wakatafuta njia ya kwenda kwao. Waganda na sisi tukabaki kuuziana ndizi na samaki.

Ndiyo maana katika nchi zile za Ghuba mimi naitazama zaidi Oman, ambako bado kuna familia nyingi zinazosema Kiswahili hiki chetu. Oman nayo ina mapatano ya kijeshi na Marekani na Uingereza. Lakini haikuvunja uhusiano na Iran, na mazungumzo ya siri ya Wamarekani na Wairani yaliyoanza kabla ya mapatano ya nyuklia ya 2015 yalifanyikia kwake. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilipoifungia Qatar mipaka, Oman na Kuwait hazikujiunga, na bandari za Oman zikapitisha mizigo ya Qatar. Qatar yenyewe iliokolewa kwa chakula cha Uturuki na anga ya Iran, jirani yule yule ambaye mlinzi wake hampendi. Kifungo kile kilikwisha Januari 2021.

Mkataba wa mpwa wangu unakwisha Machi. Dada yangu anataka arudi. Yeye anasema mshahara ule ndio unaosomesha wadogo zake wawili, na mmoja wao amekaa humu ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribisha maswali.