Toeni kiti nje
(Mazungumzo kwenye mkutano wa familia, Great Barr)



Nimeombwa nizungumze juu ya majirani, nami naanza na ukuta. Nyumba nyingi za hapa Great Barr zilijengwa miaka ya 1930, mbilimbili, zikiegemea ukuta mmoja. Unamsikia jirani akifungua bomba, lakini mwaka unaisha hujui jina lake. Wengi tunasema, “Wazungu hawatutaki.” Mimi pia nilisema. Siku hizi nailaumu zaidi nyumba.

Tazama ilivyopangwa. Bustani ya kukaa iko nyuma, ndani ya uzio. Mbele ni gari. Jirani akirudi kazini anashuka, hatua nne, mlango umefungwa. Mtasalimiana wapi?

Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu walilifikiria hilo. Nje, ukutani kabisa, kuna baraza, benchi la mawe. Mpita njia anaketi na mwenyeji bila kuingia ndani. Sisi wa Uvira na Bukavu hatukuwa na mawe hayo, ila mama akichambua maharage mlangoni alifanya kazi ileile.

Basi toeni kiti nje, upande wa barabara. Kiti hakihitaji kibali. (Kujenga benchi ni jambo jingine, nyumba ya kupanga, muulize kwanza mwenyewe.) Mwezi wa sita jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo muda upo. Mimi nilikaa na chai karibu na ndoo zangu za lengalenga. Mzee wa jirani alinitazama wiki nzima. Wiki ya pili akauliza, huo ni mmea gani? Hajaingia kwangu, wala mimi kwake. Hapa watu huingia wakialikwa, msiudhike. Lakini Februari nilipougua usiku, watoto wamelala, mlango niliougonga ulikuwa wake.

Mwaka 2009 akina mama wawili wa Bristol walifunga mtaa wao kwa magari saa chache baada ya shule, watoto wacheze. Watu wazima nao wakatoka. Mkitaka hivyo, ruhusa hutoka halmashauri. Great Barr imegawanyika kati ya Birmingham, Sandwell na Walsall, basi angalieni kwanza barua ya kodi ya halmashauri imetoka wapi, msije mkapanga foleni ofisi isiyo yenu.

Nyuma ya ukumbi kuna viti sita vya zamani. Anayetaka achukue.