Mlango wa Maktaba



Katika Kiswahili cha kale, chuo ni kitabu chenyewe. Na mtoto wa Pemba aendaye kusoma Kurani husemwa hadi leo kuwa amekwenda chuoni. Kitabu, basi, si mgeni hapa. Linalobaki kuulizwa, huduma ya maktaba inapotajwa, ni jengo: liwe wapi, na liwe la nani. Swali hilo la pili lina kisa chake mjini Nairobi.

Huko, jirani na Msikiti wa Jamia, lipo jengo la McMillan, lenye nguzo ndefu na simba wawili wa mawe mlangoni. Lilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan ndiye aliyelijenga, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie, liwe ukumbusho wa mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki 1925. Mwaka 1938 likatungiwa sheria yake lenyewe, heshima ambayo majengo machache huipata.

Lakini heshima ile ilikuwa ya watu wachache. Maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao. Muislamu aliyetoka kuswali Jamia, awe Mhindi au Mwafrika, aliwaona simba wale kila siku na asiweze kupita baina yao, ijapokuwa alijua kusoma pengine kuliko waliokuwamo ndani. Vitabu vilikuwa hatua chache tu kutoka alipovulia viatu. Kizuizi hicho kilidumu hadi 1958. Mwaka 1962 baraza la mji likalichukua jengo, na wananchi wakaingia.

Uchakavu nao ukaingia, kama uingiavyo penye nyumba isiyotengewa fedha za matengenezo. Katika miaka ya karibuni taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imeshirikiana na serikali ya kaunti kuzifufua maktaba za mji huo. Haikuanza na jengo la simba. Ilianza na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, kwenye mitaa ya wafanyakazi, na wakaazi wakaulizwa kwanza wanataka maktaba ya namna gani.

Wingwi nako swali ni hilohilo. Mwenye jibu, mkubwa kwa mdogo, na ampelekee sheha wake.