Mashine Haifi Bila Sababu
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika, Lukozi)



Haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni. Wengi wenu mlikuwa gulioni mkaomba yaandikwe ukutani, basi tumeyaandika. Mwandiko ukikushinda, muulize mwenzio. Kuuliza si ujinga.

Tunaanza na jambo linalotuuma. Kiangazi kilichopita pampu yetu ndogo ya kumwagilia ilinoki, kabeji zikiwa ndiyo zinaanza kufunga. Matuta mengi yalikauka. Kwenye mkutano kijana aliyekuwa zamu aliinuliwa mbele ya watu, akaambiwa ameuza oili ya ushirika. Hakujibu. Alichukua jembe lake akaenda zake, na tangu siku ile hajaja bondeni.

Leo tunasema mbele ya wote: kijana yule hakuuza kitu, kwa sababu oili hakupewa. Sisi ndio tuliompa dumu la petroli tupu tukamwambia, "Jaza, vuta kamba." Kwenye kifuniko cha tangi pameandikwa 25:1. Sisi tumejifunza kusoma ukubwani, darasa la kisomo. Namba tulizisoma vizuri, ila tukadhani ni tarehe ya kiwandani, yaani tarehe 25 mwezi wa kwanza. Kumbe ndicho kipimo cha uhai wa mashine! Kosa ni letu.

Kwa hiyo tumekaa na fundi, tumeuliza, tumeandika. Mafunzo haya ni ya pampu, ni ya mashine ya kupulizia dawa, na ni ya baiskeli iliyofungwa injini ndogo. Zote tatu ni ndugu.

KWA NINI OILI?

Injini ya gari na za bodaboda nyingi za leo ni za mipigo minne. Zina oili yake chini, mbali na petroli. Hizi ndogo zetu ni za mipigo miwili, mafundi wanaziita tustroki. Hazina oili tumboni. Petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, ndipo hupanda juu kuchomwa. Basi oili haina budi kusafiri pamoja na petroli. Ukitia petroli tupu, pistoni inasugua silinda kavukavu, inapata moto, inavimba, inakwama. Huko ndiko kunoki.

KIPIMO

25:1 maana yake sehemu 25 za petroli kwa sehemu 1 ya oili.
Petroli lita 1: oili mililita 40.
Petroli lita 5: oili mililita 200.

Mashine nyingine zimeandikwa 50:1. Hizo ni nusu yake: lita 1 kwa mililita 20, lita 5 kwa mililita 100. Fuata kilichoandikwa kwenye mashine yako, siyo ya jirani. Bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, linapima vizuri. Nunua oili ya tustroki, siyo ya lori wala ya gia. Changanya ndani ya dumu, tikisa, ndipo utie kwenye tangi. Usijaze mashine ikiwa ya moto, na mwenye sigara akae mbali.

IKIKATAA KUWAKA

Jamani, tusikimbilie spana. Wengi wetu mashine ikikataa tunavuta kamba mpaka bega linauma, kisha tunafungua kila kitu na nati moja inapotelea majanini. Twende kwa mpango.

Kwanza, mafuta. Yamo? Koki imefunguliwa? Petroli imekaa tangu msimu uliopita? Ya zamani huacha utomvu ndani ya kabureta na kuziba kile kitundu chembamba cha jeti. Imwage, safisha kabureta, tia mpya. Kama mashine inawaka, inakwenda dakika chache halafu inazima, legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea vizuri, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, na dawa yake ni kukisafisha tu.

Pili, plagi. Vuta kamba mara kadhaa, kisha ifungue uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki, rudi kwenye koki na kabureta. Ikiwa imelowa, petroli inafika ila cheche hakuna, au umeinywesha mno kwa kufunga choki. Ikaushe. Ichomeke kwenye waya wake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, vuta kamba kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu na yenye nguvu. Usipoiona jaribu plagi nyingine kabla ya kulaumu koili. Nafasi ya mdomo wa plagi kwa kawaida ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kwenye baiskeli tazama pia waya wa kuzimia. Ukichubuka ukagusa chuma, cheche inapotea, hasa siku ya ukungu na mvua.

Rangi ya plagi nayo inasema. Kahawia ni afya. Nyeusi yenye mafuta ni oili nyingi, au kichujio cha hewa kichafu. Nyeupe ni hatari: injini inapata moto mno, petroli ni kidogo au hewa inaingia pasipotakiwa. Zima, tafuta sababu.

Tatu, hewa. Sponji ya kichujio ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, itiwe oili kidogo na kukamuliwa. Tukumbuke na milima yetu. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Mashine iliyorekebishwa Tanga ikifika hapa hunywa petroli nyingi kuliko hewa, plagi ikawa nyeusi na nguvu zikapungua. Mwambie fundi airekebishe hukuhuku.

Nne, kubana. Vuta kamba polepole. Ikiwa nyepesi kama kuvuta uzi, ringi zimekwisha au gasketi inavuja. Hapo mpelekee fundi. Ikiwa inabana vizuri lakini haina nguvu, tazama ekzosi. Oili iliyoungua huacha masizi magumu mpaka njia ya moshi inaziba.

WENYE BAISKELI ZA INJINI

Injini hizi hutikisika sana. Kila asubuhi kaza nati, tazama cheni na breki. Na neno moja la milimani: unaposhuka mteremko mrefu, kama ule wa Soni kwenda Mombo, usifunge mafuta huku injini inazungushwa na gurudumu. Oili inakuja na petroli, kwa hiyo ukifunga petroli umefunga na oili. Kamata klachi, injini iende taratibu, shuka kwa breki. Breki zikiwa mbovu, usishuke.

TULIYOKUBALIANA

1. Dumu la mchanganyiko lipigwe mstari mwekundu. La petroli tupu lisifike bondeni.
2. Kipimo cha oili kifungwe kwa kamba kwenye dumu.
3. Liwepo daftari. Kila anayejaza aandike tarehe, lita, mililita na jina. Mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua kuandika aandikiwe, na jioni aje kisomo.
4. Mtu asishutumiwe kabla mashine haijafunguliwa na kutazamwa.

Pampu imefungwa pistoni na ringi mpya. Silinda ilikwaruzwa kidogo, fundi ameisafisha, sasa inabana. Hilo lilikuwa jepesi.

Lililokuwa zito ni kwenda nyumbani kwa yule kijana. Tulikwenda na wazee wawili, tukaomba radhi mbele ya mama yake. Alitusikiliza, akasema atafikiri. Hatumlazimishi. Tunachowaomba ninyi ni hiki: mkikutana naye njiani msalimieni kama zamani. Akirudi, sisi tumependekeza yeye ndiye awe mtunza daftari, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kutuuliza, siku ile ya kwanza, "Na hizi namba za kwenye kifuniko ni za nini?" Nasi tukamjibu, "Wewe jaza tu."



Katibu wa Chama, Lukozi