Risasi Nayo Huzeeka

Msikilizaji, ilikuwa Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009. Mchana ule Mbagala, jijini Dar es Salaam, ilitikisika. Ghala la silaha katika kambi ya jeshi, kikosi 671 KJ, lililipuka, na makombora yakaanza kuangukia mitaani, kwenye nyumba za watu. Mama aliyekuwa jikoni alikimbia bila viatu. Watoto walipotezana na wazazi wao. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Hata miaka miwili haikutimia. Usiku wa Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto, jijini humohumo, kikosi 511 KJ. Anga ikawa nyekundu. Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere ulifungwa kwa muda. Maelfu ya watu walihama kwa miguu usiku ule, wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru. Kwa mara nyingine tukazika zaidi ya watu 20.

Nimeyarudia haya leo kwa sababu nina jambo moja la kusema, na nataka kila mwenye risasi alisikie, awe ni serikali yenye maghala au mwananchi mwenye leseni na boksi moja kabatini. Risasi huzeeka. Haikai kama jiwe. Tunaiweka, tunafunga mlango, tunadhani imelala. Haijalala.

Ndani ya risasi kuna baruti. Baruti ya kisasa hutengenezwa kwa nitroselulosi, na tangu siku inapotoka kiwandani huanza kuoza polepole. Ikioza hutoa joto kidogo na gesi yenye asidi, na asidi hiyo huharakisha uozo. Wenye viwanda wanalijua hilo, kwa hiyo huchanganya dawa ya kuituliza, ambayo kazi yake ni kuinyonya ile gesi. Lakini dawa hiyo nayo hupungua mwaka hadi mwaka, na ikiisha, hakuna tena kinachozuia.

Sasa weka joto juu yake. Kanuni wanayoitumia wataalamu ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya uozo huongezeka takriban maradufu. Fikiria ghala la bati katika joto la Pwani, mwezi Januari au Februari. Baruti iliyokusudiwa kudumu miongo kadhaa mahali penye ubaridi, hapo hudumu muda mfupi zaidi. Ikiwa imerundikwa nyingi pamoja, kama ile ya mizinga, joto lake lenyewe hukosa pa kutokea. Hujikusanya, hujikusanya, mwishowe baruti hujiwasha yenyewe. Hapo hakuna adui aliyeingia, wala hakuna mtu aliyetupa kiberiti.

Wenzetu wa Maputo wameyaona. Machi 22, 2007, ghala la Malhazine lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Ilikuwa siku ya joto kali, na wakuu wa Msumbiji walilitaja joto hilo kuwa miongoni mwa sababu. Lagos, Januari 27, 2002, moto uliingia ghala la kambi ya Ikeja. Waliokufa walizidi 1,000, na wengi wao hawakuguswa na bomu: walizama katika mfereji wa Oke-Afa wakikimbia gizani. Brazzaville, Machi 4, 2012. Bata, Guinea ya Ikweta, Machi 7, 2021. Asasi ya utafiti ya Small Arms Survey imeorodhesha milipuko ya maghala zaidi ya 600 duniani tangu 1979. Msikilizaji, jambo linalotokea mara 600 haliwezi kuitwa bahati mbaya.

Na dawa yake inajulikana. Tangu 2011 Umoja wa Mataifa una mwongozo wa kimataifa kuhusu utunzaji wa risasi na mabomu. Ukiusoma, hautaki miujiza. Unataka watu wahesabu walichonacho. Wajue kila shehena imetoka kiwandani mwaka gani. Wapime baruti kwa vipindi kujua ile dawa ya kutuliza imebaki kiasi gani. Wateketeze kilichochakaa kabla hakijajiteketeza. Wasiweke pamoja vitu visivyopatana. Na juu ya yote, waache nafasi kubwa kati ya ghala na makazi.

Hiyo nafasi ndiyo inayotushinda. Kambi nyingi zilijengwa msituni, mji ukazifuata. Mtu akajenga chumba, jirani akafuata, shule ikaja, soko likaja. Mamlaka ziliona na hazikusema, na wanunuzi wa viwanja hawakuuliza. Ninasema waziwazi: mji ukishaifikia kambi, mabomu ndiyo yanayopaswa kuhama kwanza, kwa kuwa kuhamisha mabomu ni rahisi kuliko kuzika watoto. Maputo walifanya hivyo. Pale palipokuwa ghala la Malhazine, leo pana bustani ya miti.

Lakini nisiinyooshee serikali kidole halafu niiache nyumba. Ziko nyumba zenye bunduki halali: ya mkulima anayelinda shamba dhidi ya nguruwe pori, ya mfanyabiashara, ya mwindaji. Na ziko nyumba ambazo mzee alifariki akaacha bunduki moja na boksi la risasi juu ya dari, chini tu ya bati, na hakuna aliyeligusa kwa miaka 20. Hapo juu ya dari ndipo pabaya kuliko pote. Mchana panachemka, usiku panapoa, na masika unyevu unapenya.

Mwenye leseni, sikia. Risasi zako zikae katika chumba chenye ubaridi, mbali na jiko, mtungi wa gesi, rangi na mafuta ya taa. Zikae ndani ya kasha la chuma lenye kufuli na mfuniko unaobana, na humo utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kama vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya. Usilifunge kasha siku ya mvua, maana utakuwa umefungia unyevu ndani. Ziache katika boksi lake la kiwandani, uandike tarehe uliyonunua, na za zamani zitumike kwanza. Usiziache kwenye mkanda wa ngozi: ngozi ina asidi inayokula shaba, na baada ya muda utakuta kutu ya kijani imezingira ganda. Usizipake mafuta ukidhani unazitunza. Mafuta hupenya kitakoni mwa ganda, pale panapopigwa na pini ya bunduki, na kuharibu kiwashio.

Risasi iliyoharibika ina hatari mbili. Inaweza kukataa kulia siku unapoihitaji. Mbaya zaidi, inaweza kulia kinyonge, kichwa chake kikakwama ndani ya mtutu, na ile inayofuata ikaupasua mtutu mbele ya uso wako. Ukiona kutu, uvimbe au ufa, au ukifungua kasha ukasikia harufu kali ya asidi, usijaribu kuifyatua. Usiizike, usiichome, usiitupe chooni wala jalalani, ambako mtoto au muokota vyuma chakavu ataikuta. Kama ni risasi za bunduki yako, toa taarifa kituo cha polisi, nao watakuelekeza namna ya kuzisalimisha.

Bunduki na risasi visilale pamoja. Kila kimoja kiwe na kufuli yake, na ufunguo ukae na mwenye leseni. Sababu ya kwanza ni watoto. Mtoto hujua kila maficho ya nyumba, hata yale unayodhani hajawahi kuyaona. Sababu ya pili ni moto. Nyumba ikiungua, risasi iliyo peke yake hupasuka ganda na kurusha vipande, ni hatari, lakini vipande hivyo haviendi mbali kama risasi iliyofyatuliwa. Iliyo ndani ya mtutu, moto ukiifikia, huenda kama iliyopigwa kwa makusudi, na aliye mbele yake anaweza kuwa jirani aliyekuja na ndoo ya maji.

Na ninyi mliorithi boksi la marehemu: leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Msilihamishe kutoka dari hii kwenda dari ile. Toeni taarifa polisi. Kukaa kimya miaka 20 hakulifanyi boksi kuwa salama. Linazidi kuchakaa tu.

Neno la mwisho ni kwa walio jirani na maghala yaliyowahi kulipuka. Ukikuta chuma usichokijua shambani au ukichimba msingi wa nyumba, usikiguse, usikipige nyundo, usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, waondoe watoto, mwite mwenyekiti wa mtaa au polisi. Bomu lililolala ardhini miaka mingi bado ni bomu.

Wahenga walisema mdharau mwiba guu huota tende. Mbagala ilituchoma, tukachechemea. Gongo la Mboto ikatuchoma palepale. Serikali, hesabuni, pimeni, teketezeni kilichozeeka, na muwaambie wananchi mmefika wapi. Nawe msikilizaji mwenye leseni, kama boksi lako liko juu ya dari, leo jioni, kabla hujalala, lishushe.