Mtoto Anaposema "Tamaki"

Wewe uliye Dundori, Kabatini au Kiamaina, vuta kiti, uji uendelee kuchemka polepole.

Mama mmoja wa hapa Bahati alitujia na wasiwasi. Kijana wake wa miaka minne husema "tamaki" akitaka samaki, na "tukari" akitaka sukari. Watoto wa ploti wakampa jina la Tukari, na sasa ameanza kunyamaza. Jirani akamshauri mama ampeleke mtoto kwa mzee fulani akatwe kilimi.

Mama, hapo simama kwanza. Kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakitengenezi "s". Hiyo hutengenezwa mbele, ncha ya ulimi ikiwa karibu na meno na pumzi ikipita katikati. Kukata kilimi hakunyoshi matamshi. Kunaweza kuleta kutokwa na damu nyingi, pepopunda, na wembe ukiwa umetumiwa kwa mwingine, hata virusi vya ukimwi.

Sauti haziji zote siku moja. Mtoto huanza na zile za midomo: mama, baba, papai. "K" na "g" hufuata, ndiyo maana mdogo humwita kaka "tata". "S", "sh" na "ch" huchukua muda zaidi, na "r" mara nyingi huja mwisho, pengine akiwa na miaka mitano au sita. Cha kuangalia ni hiki: akifika miaka mitatu, mgeni aelewe sehemu kubwa ya maneno yake, akifika minne, karibu yote.

Tena tusichanganye ugonjwa na lugha ya nyumbani. Mtoto aliyelelewa kwa Kikuyu akisema "rara" badala ya lala, au "ngari" badala ya gari, ametumia sauti alizonyonya nazo. Aliyelelewa kwa Kikalenjin anaweza kuchanganya "p" na "b", kwa kuwa lugha yake haitenganishi sauti hizo mbili. Huyo si mgonjwa. (Hata sisi watangazaji "l" na "r" hutuponyoka.) Usiache kumwongelesha mtoto lugha ya mama kwa kuogopa hilo.

Sasa tumsaidieje? Usimwambie, "Sema vizuri!" mbele ya wageni, wala usimnyime chakula mpaka atamke. Akisema, "Mama, tamaki," chuchumaa macho yenu yaonane, umjibu: "Ndiyo, samaki. Samaki mkubwa. Tumpike samaki?" Amesikia neno mara tatu bila kuaibishwa.

Mchezo nao husaidia. Kwa "s", mwigeni nyoka, au gurudumu la bodaboda lililotoboka: sssss. Meno yakaribiane, ulimi ubaki ndani. Ikishika, nendeni sa, se, si, so, su, halafu neno fupi kama "saa". Kwa "k", alale chali aige mtu anayesukutua koo. Kwa "l", mpake uji kidogo nyuma ya meno ya juu aulambe, ndipo aseme la, la, la. Dakika tano zatosha, akichoka, acheni.

Lakini kabla ya yote, pima masikio. Zima redio, ndiyo, hata hii yetu, simama nyuma yake hatua tatu, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Asipogeuka tena, au sikio likitoa usaha, nenda zahanati. Usitie mafuta wala maziwa ya mama sikioni. Mtoto hawezi kutamka sauti asiyoisikia. Nenda pia ikiwa ana miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, au ameacha maneno aliyoyajua. Mhudumu atamwangalia pia chini ya ulimi, na akiona haja atakuandikia barua ya kwenda hospitali kuu ya Nakuru. Wizara ya Elimu nayo ina vituo vya kutathmini watoto, vilivyoanza nchini mwaka 1984. Mwalimu wa nasari anaweza kukuelekeza.

Yule kijana? Alipoangaliwa, sikio la kushoto lilikuwa na usaha wa muda mrefu. Anatibiwa, na jioni yeye na mama huiga nyoka. "Saa" anaisema sasa. "Samaki" bado humteleza akiwa na njaa.