Yoga au Tai Chi?

Unataka kuanza mazoezi mepesi, lakini hujui ushike yoga au tai chi. Jiulize kwanza: kinachokusumbua ni nini?

Kama umri umesonga na unaogopa kuanguka, chagua tai chi. Unaifanya ukiwa umesimama, polepole, ukihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana huwasaidia wazee wasianguke. Mkeka hauhitajiki. Viatu bapa na ua wa nyumbani vinatosha, bora pasiwe na matope.

Je, mgongo umekaza kwa kukaa ofisini au kuendesha matatu kutwa? Jaribu yoga. Walimu wake ni rahisi kupata. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanza Nairobi mwaka 2007, limefunza vijana wengi kazi hiyo.

Narudia: hofu ya kuanguka, tai chi. Mgongo uliokaza, yoga.

Una presha, presha ya macho, au una mimba? Muone daktari kwanza, na usijaribu mikao ya kichwa chini. Mwambie mwalimu pia. Dawa zako usiziache. Kama huna hali hizo, anza na dakika kumi tu, kesho asubuhi.