Fimbo ya Kuvulia kwa Mfuko wa Kawaida: Tazama Haya Kabla ya Kulipa

Haya ni mazungumzo ya ofisa wetu wa habari na vijana wa wadi ya Kaloleni, Voi, kuhusu uvuvi wa ndoano. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Wengi wenu mmeniuliza swali moja: mtu anunue fimbo gani ya kuvulia bila kuingia deni? Ni swali zuri, hasa kwetu Voi. Anayeishi kando ya maji akikosea kununua, hurudi dukani jioni ile ile. Sisi maji yako mbali. Ziwa Jipe na Ziwa Chala yako upande wa Taveta, mwendo wa kilomita 110 hivi. Ukifika ukagundua kwamba fimbo haifai, umepoteza fimbo, nauli na siku nzima ya kazi.

Mimi nilikosea. Fimbo yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu iling'aa na muuzaji aliniambia inavua kila kitu. Siku ya kwanza Jipe ndoano ilinasa kwenye mafunjo, nikavuta, fimbo ikakatika vipande viwili. Pembeni yangu alikuwepo mzee mwenye mshipi wa mkono tu, bila fimbo, na tayari alikuwa na kambare wawili. Nilipoitazama vizuri fimbo yangu iliyovunjika, niliona imeandikwa herufi L. Maana yake ni nyepesi. Haikuwa mbovu, ila haikutengenezwa kwa kazi ile. Hasara yangu ilitokana na kutojua kusoma maandishi yaliyokuwa mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo leo tusome pamoja.

Kwanza, ujue unavua nini. Kuna chambo kinachoitwa jigi. Ni ndoano yenye kichwa cha risasi, iliyovishwa manyoya au nyuzi za mpira. Hutupwa, ikazama hadi chini, kisha mvuvi huirusharusha taratibu ifanane na kiumbe anayetembea. Hapa Kenya jigi inajulikana zaidi kwa wanaovua samaki aitwaye bass, aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani katika miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Bass hupenda kula kamba wa maji baridi, naye kamba huyo aliletwa Naivasha mwaka 1970. Jigi ikiburutwa chini humwiga kamba huyo. Sisi hatuna bass Jipe, lakini jigi na chambo kingine kizito cha chini hutumika pia kwa kambare, na baharini kwa samaki kama tewa na kolekole.

Uvuvi huu unataka mambo mawili kwenye fimbo. La kwanza ni hisia. Mara nyingi samaki huichukua jigi ikiwa bado inazama, na mvuvi husikia mguso mdogo tu mkononi. Fimbo ikiwa nzito kama mpini wa jembe, hutausikia. La pili ni uti wa mgongo. Ndoano ya jigi ni nene, na samaki akikimbilia kwenye mafunjo ni lazima umvute kwa nguvu. Fimbo laini hupinda tu, na samaki akaenda zake.

Sasa soma maandishi yaliyo juu ya mshiko. Herufi L ni nyepesi, M ni ya wastani, MH ni ya wastani inayoelekea nguvu, na H ni yenye nguvu. Kwa jigi chukua MH. Ukiona neno Fast, maana yake fimbo hupinda karibu na ncha tu, na sehemu ya chini hubaki ngumu. Hiyo ndiyo unayoitaka. Kisha tafuta uzito wa chambo. Fimbo ya MH mara nyingi huandikwa kati ya gramu 10 na 28. Usitupe chambo kizito kuliko hapo. Uzito wa mshipi nao umeandikwa, mara nyingi kwa ratili. 12 hadi 20 yatosha.

Kuhusu kilichoitengeneza, kuna aina tatu. Fimbo ya nyuzi za kaboni ni nyepesi na hupeleka hisia vizuri, lakini ikigongwa kwenye jiwe au ikikanyagwa huvunjika, na ndiyo ya bei ya juu. Ya fibaglasi ni nzito kidogo na hisia zake ni hafifu, lakini ni ngumu kuvunjika na bei yake ni nafuu. Katikati kuna iliyochanganywa kaboni na fibaglasi. Kwa kijana anayeanza, anayesafiri kwa matatu na kuvua kwenye mafunjo na mawe, ushauri wangu ni hiyo ya mchanganyiko. Kama pesa haifiki, chukua fibaglasi bila aibu.

Urefu wa futi 7 unafaa. Wataalamu husifu fimbo ya kipande kimoja, lakini wao wana magari. Wewe utaibeba kwenye matatu ya Taveta au nyuma ya bodaboda. Chukua ya vipande viwili vinavyoungana katikati. Zile zinazojikunja moja ndani ya nyingine kama eriali ya redio hubebeka vizuri zaidi, lakini viungo ni vingi, na kila kiungo hupunguza hisia na nguvu.

Ukiwa dukani, usiione haya kuijaribu kabla ya kulipa:

1. Itazame kwa jicho moja kutoka kwenye mshiko hadi ncha. Iwe imenyooka, na pete zote ziwe kwenye mstari mmoja.

2. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi wako.

3. Unganisha vipande viwili, kisha tikisa. Ukisikia vinagongana, rudisha.

4. Mwombe mwenzako aiguse koo yake kwa ncha ya fimbo huku akizungumza, nawe ushike mshiko. Ukiisikia sauti yake ikitetemeka kiganjani mwako, fimbo ina hisia. Jaribu mbili tatu za bei moja, utaona tofauti.

5. Funga rili, kisha iweke fimbo juu ya kidole kimoja mbele ya mshiko. Ikiangukia sana upande wa ncha, mkono utachoka kabla ya saa sita.

Rili ya kuanzia ni ile ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo. Ile inayokaa juu yataka mazoezi, la sivyo mshipi hufumana kama kiota cha ndege. Na usimalize pesa zote kwenye fimbo. Kama bajeti yako ni shilingi 5,000, acha angalau 1,500 za mshipi mzuri, ndoano na nauli. Fimbo ya bei kubwa yenye mshipi uliooza haivui kitu.

Kama shabaha yako ni tilapia peke yake, basi huhitaji haya yote. Tilapia hula mimea midogo ya majini na hajali jigi. Mwanzi mrefu, mshipi mwembamba, ndoano ndogo na mnyoo vyatosha.

Ndugu zangu, kwa nini ofisi ya kaunti izungumzie fimbo? Kwa sababu ya samaki wenyewe. Katika Jipe kuna tilapia ambaye jina lake la kisayansi, Oreochromis jipe, limetokana na ziwa letu. Chala ana wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kiasili penginepo duniani. Wote wamo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini kutoweka. Chandarua cha mbu kikiburutwa majini hakichagui. Kinabeba mzazi, mtoto na mayai. Ndoano hukupa nafasi ya kuchagua. Ukimpata mdogo, mrudishe akiwa hai. Bonyeza kwa koleo ule mwiba wa ndani wa ndoano, na kumtoa kutakuwa rahisi.

Kumbukeni pia kwamba nyavu za nailoni ya uzi mmoja zimepigwa marufuku Kenya. Mshipi wa nailoni kwenye fimbo ni kitu kingine, nao unaruhusiwa. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka uwe na leseni, hata kama unavua kwa burudani. Ulizia kwa ofisa wa uvuvi wa kaunti au kikundi cha usimamizi wa ufuo kabla ya kutupa ndoano. Sehemu ya ufuo wa Jipe imo ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Huko usivue bila idhini ya KWS.

La mwisho ni uhai wako. Jipe kuna viboko na mamba. Chala, pamoja na uzuri wake, mwaka 2002 mamba alimuua msichana kutoka Uingereza aliyekuwa akiogelea. Simama mbali na ukingo, usiingie majini kufuata ndoano iliyonasa, na ondoka kabla ya giza. Kumbuka vilevile kwamba kaboni hupitisha umeme. Ukisikia radi, laza fimbo chini na uondoke, na usiiinue chini ya nyaya za stima.

Jigi moja ikinasa, kata mshipi. Utanunua nyingine.